Shajara ya Chumba cha Kuhariri, Kirumba

Alhamisi, 29 Mei 2025

Toleo la 20 la DaVinci Resolve, programu yetu ya kuhariri, limetoka rasmi jana. Kijana wangu wa kazi ameingia asubuhi simu mkononi, salamu ikafuata habari. "Dada, ishirini imetoka. Tuiweke?" Nimemwambia hatuweki. Amenyamaza ile ya heshima, lakini naona hakuridhika, kwa hiyo naandika sababu hapa ili siku moja aisome akiwa na kompyuta yake na mteja wake mwenyewe.

Tunatumia 18.6, na mezani kuna filamu ya dakika kumi na mbili ya akina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, ya kukabidhiwa tarehe 3 Julai. Resolve haihifadhi kila mradi kama faili linalojitegemea. Miradi yote inakaa kwenye maktaba moja. Ukiufungua mradi wa humo kwa toleo jipya na kuuhifadhi, toleo la zamani haliwezi kuufungua tena. Ukikuta kwenye 20 kuna kitu hakiendi na kadi yako ya picha, umeshavuka mto na mtumbwi umeondoka. Premiere ya Adobe nayo ni hivyo hivyo: mradi uliohifadhiwa kwenye toleo la mwaka huu, mwenye toleo la nyuma haufungui.

Wakubwa wenyewe yamewakuta. Juni 2011 Apple waliitoa Final Cut Pro X kwa dola 299.99 kuchukua nafasi ya Final Cut Pro 7. Ile ya 7 ilikuwa na heshima zake. Mhariri wa filamu Walter Murch alikuwa ameihariri Cold Mountain ya mwaka 2003 kwa toleo la awali la Final Cut, na ndipo studio kubwa zikaanza kuiamini. Hii mpya haikuweza kufungua miradi ya ile ya zamani. Uhariri wa kamera nyingi haukuwemo siku ile, ulirudishwa baadaye. Wahariri wakaandika malalamiko ya pamoja, wengi wakahamia Premiere na Avid, na wengine hawajarudi mpaka leo. Nilipomsimulia kijana akasema, "Lakini dada, sisi siyo Hollywood." Ndiyo hasa. Wao wana mafundi ghorofa ya chini. Sisi tuna UPS moja na betri yake imechoka.

Jumapili, 1 Juni

Baada ya ibada nimempitia mzee aliyenifundisha kazi, kule Mabatini. Ameanza kupiga harusi za Mwanza enzi za kanda za VHS, kabla Tanzania Bara hatujawa na kituo cha televisheni hata kimoja, maana vya kwanza vilianza 1994. Alikuwa na deki mbili: moja inacheza, ya pili inarekodi, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Ukisahau kumweka mjomba wa bwana harusi katikati, huwezi kumchomeka. Unarekodi upya kila kitu kuanzia pale mpaka mwisho, au unachukua nakala ya nakala, picha inazidi kufifia na rangi nyekundu inavuja nje ya nguo.

Nimemweleza habari za toleo jipya. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hiyo mpya inajua mahali pa kukata?"

Nimecheka. Mzee hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

Jumatano, 4 Juni

Picha zote za Mwaloni zimeingia kwenye mashine. Kamera ya pili, ile tuliyoazima, imerekodi kwa biti 10 na rangi za 4:2:2, na toleo la bure la Resolve kwenye Windows halizifungui. Unaona fremu nyekundu tupu na maandishi kwamba faili haipo, wakati faili ipo pale pale kwenye diski. Kijana alishikwa na jasho, akadhani memori kadi imekufa.

Dawa ipo na ni ya bure: kuzigeuza klipu kuwa DNxHR kwa programu ya Shutter Encoder. Gharama yake ni nafasi. Klipu ya gigabaiti 1 inatoka ikiwa na zaidi ya 4. Diski ya nje imejaa kabla ya saa kumi, ikabidi nifute sendofu za mwaka jana ambazo wenyewe walishachukua na kulipa. Mmoja bado anadaiwa; yake nimeiacha.

Umeme umekatika saa kumi na moja jioni. UPS ikatupa muda wa kuhifadhi na kuzima, ugeuzaji ukaanza upya usiku.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Jirani ametuletea pilau, barabara ya Makongoro imetulia. Nimeiweka 20 kwenye laptopu ya zamani ambayo haina mradi wa mteja hata mmoja. Kujifunza ni ruksa, ilimradi asiumie mtu.

Mazoezi nimefanyia picha za bugobogobo, ngoma ya majembe, tulizopiga Kisesa kwa kamera tatu, karibu na makumbusho ya Bujora ambayo Padri David Clement aliyaanzisha kuhifadhi vitu vya Wasukuma. Wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana pale kuvuta watu, na ukiwa na kamera moja tu umekwisha, kwa sababu jambo zuri kila mara liko upande wa pili. Kuoanisha kamera tatu kwa sauti ni kazi ya dakika moja. Ngoma ina vilele virefu, programu haisumbuki kuvipata. Hili hata 18 inalifanya.

Jipya ni kifaa cha akili mnemba kinachochagua chenyewe kamera ya kuonyesha kwa kutambua nani anazungumza. Kwa mahojiano ya watu watatu mezani huenda kikafaa. Kwenye bugobogobo hakuna anayezungumza, wote wanarusha majembe. Kingine kinapanga klipu kwa kufuata hati ya maandishi, baada ya kusikiliza maneno na kuyaandika. Nimefungua orodha ya lugha zinazosikika humo: Kidenimaki kimo, Kinorwe kimo. Kiswahili hakimo. Kisukuma sikukitafuta. Tena vifaa hivi karibu vyote ni vya toleo la kulipia, kwa hiyo kwetu vimefungwa hata hivyo.

Nilichomfundisha kijana leo hakihitaji toleo lolote. Yeye hukata kila ngoma inapolia, pa, pa, pa, na baada ya nusu dakika jicho limechoka. Nikamwambia angalia jembe. Mchezaji akilirusha, mkono ukiliachia, kata hapo, na kamera ya pili ilidake likiwa bado hewani. Mtazamaji anafuata jembe, mkato hauoni. Amejaribu. Amejaribu tena. Ilipokaa sawa alirudisha nyuma mara kadhaa kuitazama, na sikumwambia kitu.

Jumatano, 11 Juni

Mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa wamepumzika, maana dagaa huja kwenye taa pakiwa na giza; mbalamwezi ikiwaka hawana haja na taa ya mtu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Tumeshuka Mwaloni kupiga mitumbwi inayozibwa na nyavu zinazoshonwa, na kuchukua sauti za soko bila haraka.

Jioni nimekaa na karatasi nikaandika yanayotukwamisha. Kwanza ni zile klipu za biti 10. Pili, picha za usiku tulizopiga ziwani mwisho wa Mei, mwezi ulipokuwa gizani: nuru ilikuwa ya taa tu, na picha imejaa chenga. Tatu, upepo. Mama mmoja wa Ukerewe ametupa maneno mazuri kuliko yote, lakini nyuma yake kuna upepo wa ziwa, injini za boti na lori la gunia linarudi nyuma likipiga honi.

Hayo matatu yote yanatibiwa na Resolve Studio, ile ya kulipia. Inafungua biti 10 bila kugeuza, ina kisafisha chenga, na tangu 18.1 ina kifaa cha kutenga sauti ya mtu na kelele. Bei ni dola 295, kwa viwango vya sasa ni laki nane kasoro kidogo. Inalipwa mara moja. Ufunguo mmoja unawasha kompyuta mbili, na mpaka sasa hawajawahi kutoza tena kwa toleo jipya. Adobe tangu 2013 wameacha kuuza Premiere mpya, wanaikodisha kwa mwezi, na mwezi usipolipa mlango umefungwa. Mtu mwenye kazi za msimu kama sisi, harusi nyingi Desemba na ukame Machi, kukodi kunamtesa.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki ya kutaka kuboresha mashine, ila alitazama namba ya toleo tu. Kutoka 18 ya bure kwenda 20 ya bure kusingetuondolea hata moja kati ya hayo matatu. Kutoka 18 ya bure kwenda 18 ya kulipia kunayaondoa yote, na maktaba ya miradi haiguswi.

Yupo jamaa mjini anayeuza "Studio" kwenye flashi kwa elfu kumi. Namjua, na namjua mwenye duka la picha aliyeinunua: wiki ya pili faili zake zote zilijifunga na kudai pesa. Harusi za watu zilikuwemo. Nampigia binamu yangu aliyeko Nairobi aniulizie kwa wauzaji halali.

Alhamisi, 19 Juni

Leo Rais Samia amefungua daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Foleni ya kivuko imekuwa hadithi ya kusimulia watoto. Kila mwenye simu amepiga, na kufikia saa mbili usiku watu wanne wamenitumia video niwaunganishie.

Shida ni ile ile ya kila siku. Simu hazirekodi kwa kasi moja ya fremu. Hupanda na kushuka kadiri ya mwanga. Ukiziingiza hivyo hivyo, mwanzo mdomo na sauti vinakwenda pamoja, dakika ya tano hotuba imeshampita msemaji. Zigeuze kwanza ziwe na kasi isiyobadilika. Na mradi uweke fremu 25 kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, maana Resolve ikishapokea klipu kasi ya mradi haibadiliki. Kwetu umeme ni hezi 50; ukipiga ndani kwa 30 na kufunga shata ovyo, taa za ukumbi zinapepesa kwenye picha. Nimewaambia wapiga picha wa mji huu mpaka nimechoka.

Nimewafanyia bure. Siku yenyewe ilikuwa ya furaha.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimeshinda kwenye mikato miwili tu.

Kwenye mpangilio wa kijana, mama wa Ukerewe anasema bei ya dagaa inapangwa na mwenye pesa. Anayefuata hapo hapo ni dalali, mwanamume mwenye kofia, anahesabu noti huku anatabasamu. Inavutia. Inakwenda kwa kasi. Mteja ataipenda. Tatizo ni kwamba yule dalali tulimpiga siku nyingine, alikuwa amelipwa deni lake na rafiki yake, ndiyo maana anatabasamu. Hana biashara yoyote na yule mama. Tukiziweka picha hizo bega kwa bega tumemwita mnyonyaji, na hakuna mtu aliyetamka neno hilo. Halafu kesho nashuka Mwaloni, ananisalimia.

Nikamweleza kijana habari ya filamu ya mapanki. Ilipotoka alikuwa mtoto. Hubert Sauper, raia wa Austria, aliipiga hapa hapa Mwanza: viwanda vya sangara, marubani wa ndege za mizigo uwanja wa ndege, watoto wa mitaani, akina mama wanaokausha mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara, kwenye matope. Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004. Ilishinda César Ufaransa, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na mji ukagawanyika: waliosema inatudhalilisha na waliosema yaliyomo wameyaona kwa macho. Jambo lililozua vita kubwa ni silaha. Filamu inaonyesha ndege zinatua na kuruka, watu wanazungumza, na mtazamaji anatoka akiamini ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya huja na silaha za vita vya Afrika. Sanduku la silaha likishushwa Mwanza halionekani kwenye picha. Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliishambulia filamu kwa maandishi, Sauper akampeleka mahakamani kwa kumchafulia jina na akashinda.

Mimi naiona ni filamu iliyokatwa kwa ustadi mkubwa sana. Umaskini ule ulikuwepo, nilipita pale nikiwa na sare ya shule. Lakini kila nikiitazama naona jinsi picha ya rubani anayecheka ikiwekwa baada ya picha ya mtoto mwenye njaa inavyotoa hukumu bila shahidi. Warusi waliligundua hilo zamani. Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji, akauweka kando ya sahani ya supu, kisha kando ya jeneza, watu wakaona mtu mwenye njaa na mtu mwenye huzuni. Uso ulikuwa ule ule.

Kijana akauliza, "Kwa hiyo hatuonyeshi pesa kabisa?" Tunaonyesha. Tunamweka dalali kwenye sehemu yake, aeleze mwenyewe anavyonunua na anavyouza kwa watu wa Kongo na Zambia, na anavyolala njaa mvua ikilowesha mzigo. Na mama tunamwachia ukimya wake. Baada ya kusema bei inapangwa na mwenye pesa, anapepeta dagaa kimya, kisha anaangalia ziwani. Kijana alikuwa ameukata ukimya ule wote. Nimeurudisha. Murch anaweka hisia mbele ya yote kwenye vigezo vyake sita vya mkato, asilimia 51, na hadithi 23. Mwendelezo wa nafasi ya watu na vitu mahali pa tukio, ambao shule za video hukazana nao mwaka mzima, anaupa 4. Mimi ningeongeza cha saba: je, aliyeonekana akikutana nawe sokoni utamtazama usoni?

Hakuna kitufe cha hilo.

Ijumaa, 27 Juni

Ufunguo umefika kutoka Nairobi kwa basi, kadi ndogo ndani ya boksi. Tumewasha Studio ya 18.6. Zile klipu nyekundu zimefunguka zote, bila kugeuza. Kijana amepiga kofi.

Sauti ya mama wa Ukerewe: kifaa cha kutenga sauti kimeondoa injini na lori karibu lote. Nilikisukuma mpaka mwisho, mama akawa kama anaongea ndani ya kabati, soko limetoweka. Nimekirudisha hadi theluthi mbili na kurudishia chini yake sauti za soko tulizochukua siku ya mwezi mpevu. Sasa yupo Mwaloni na anasikika. Chenga za usiku vilevile: ukizifuta zote maji yanakuwa plastiki. Nimeacha kidogo.

Alhamisi, 3 Julai

Tumekabidhi. Mteja amebadilisha jambo moja tu: nembo yake iwe kubwa zaidi.

Jumanne, 8 Julai

Jana Sabasaba tulifunga. Leo ndiyo siku ya toleo la 20 kwenye mashine kubwa, na kazi yote nimemwachia kijana, mimi nimekaa nyuma na chai. Ameanza kwa nakala ya maktaba nzima kwenye diski ya nje. Kisha akautoa mradi wa Mwaloni peke yake kama faili, akaunakili na kwenye diski ya pili. Akasasisha dereva wa kadi ya picha, akawasha upya, ndipo akaweka 20. Maktaba ya zamani hakuigusa. Ametengeneza mpya, tupu, kwa kazi zinazokuja. Klipu za bugobogobo zimecheza vizuri. Uhariri wa video za kusimama wima, za kuweka kwenye simu, umerahisishwa kweli, na kwaya zinazotutafuta siku hizi zinataka hizo. Subtaito za kujiandikia zenyewe bado hazijui Kiswahili. Tutaendelea kuandika kwa mkono.

Laptopu ya zamani tumeirudisha kwenye 18.6 kwa ule uwasho wa pili wa ufunguo, na mradi wa Mwaloni umo humo. Hakuna ruhusa ya kuigusa mpaka mteja alipe awamu ya mwisho.